Sifuri Niliyoiandika Giteranyi

Vijana wangu, kabla hujaandika sifuri kwenye karatasi ya mtu, kaa chini kwanza. Kaa kabisa, uombe na maji ya kunywa. Sifuri ni rahisi kuandika kuliko tarakimu zote, mkono unazunguka mara moja imekwisha. Lakini moja niliyoiandika mimi kule Giteranyi ilinichukua siku tisa za kutembea kwa miguu kuitafutia dawa, na ilibaki kidogo tu imfukuze mtu kazini.

Mnanijua. Mimi ndiye Zaituni wa mizani, yule mama mliyemwimbia siku ya kumuaga, mkampa kiti cha kuegemea na kitenge cha maua makubwa. Mlisema, "Mama Zaituni, sasa hauko na haraka, tuandikie mambo ya kazi ya zamani." Basi nimekaa kwenye kiti chenu hicho hapa mtaani kwetu, mtaa wa Waswahili wa Gitega, kaye, daftari langu, iko juu ya goti, naandika. Shule yangu iliishia darasa la kumi, kwa hiyo msitafute Kifaransa kikubwa humu. Na msitafute mpangilio. Mimi nikikumbuka kitu nakisema.

Kazi yetu kwenye kile kituo cha mbegu nyinyi mnaifanya kwa tableti. Sisi tuliifanya kwa miguu, kamba, mizani ya kuning'iniza na karatasi ya maswali tuliyoiita fishi. Unapanda kilima, unasalimia, unapima shamba, unapima mavuno, unajaza fishi, unashuka, unapanda kilima kingine. Watafiti wanakaa Gitega wanangoja. Sisi tulikuwa macho yao, mara nyingine miguu yao, na siku za mvua tulikuwa mwavuli wao.

Aliyenifundisha ni mzee Melkiori, mtu wa Mutaho, mrefu, mkavu, ana kofia moja tangu ujana wake. Yeye alikunywa urwarwa, pombe ya ndizi, mimi Fanta, na tulielewana kabisa. Siku ya kwanza alinipa harage akaniambia, "Uma." Nikauma. Likabonyea. Akasema, "Hilo bado lina maji, usilipime. Ukipima maji utampa mkulima sifa ya mvua." Akanipa lingine, nikauma, likapasuka kama kijiwe. "Hilo ndilo." Mpaka leo meno yangu mawili ya mbele yana pengo la kazi, na sijutii.

Akanifundisha jambo la pili, ambalo naomba mliandike ndani ya hizo tableti zenu. Usimuulize mkulima wa Burundi kama mbegu yako ni nzuri. Atasema nzuri. Ataapa. Umetoka mbali, umechoka, una vumbi, akuambie mbaya? Sisi hatukulelewa hivyo. "Muombe akuoneshe mbegu aliyoiweka ya kupanda," alisema Melkiori. "Mtu anaweza kula asichokipenda, lakini hapandi asichokipenda."

Hilo la pili nililisikia vizuri. Kulitumia ndiyo ilikuwa kazi, mtaona.

Ngoja kwanza niwachekeshe na Gishubi. Wakati ule, kabla ya kamba kufika, shamba tulilipima kwa hatua. Kila mpimaji alipimwa hatua yake kwenye uwanja wa kituo, ikaandikwa kwenye kitabu, halafu huko vilimani unahesabu hatua zako, hesabu inafanywa biro, yaani ofisini. Hatua yangu ilipimwa nikiwa na gauni pana. Halafu Idi ikafika, mama akanishonea sketi ya kitenge, imebana hapa na hapa, na mimi msichana, nilijiona malkia. Nikaenda nayo Gishubi. Wiki mbili napima na sketi yangu, hatua fupi-fupi kama kuku anayevuka tope. Fishi zikafika biro. Shefu, mkuu wa kituo, akaniita.

"Zaituni, Gishubi ardhi imepanuka?"

"Sijui, Shefu."

"Mashamba yote iko makubwa kuliko mwaka jana. Na mavuno ya kila hekta iko madogo. Watu wa Gishubi wamekuwa wavivu ghafla, kilima chote?"

Melkiori alikuwa mlangoni. Akanitazama kuanzia kichwa, akashuka, akafika kwenye magoti, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Shefu," akasema, "wavivu hawako Gishubi. Iko sketi."

Nilirudia Gishubi yote na suruali ya kaka yangu chini ya gauni. Tangu hapo Melkiori akinikuta najivuna alikuwa ananong'ona tu, "Sketi." Alitaka kunionesha kwamba ukikosea kipimo, mwenye kipimo haonekani kwenye karatasi. Anayeonekana mvivu ni mkulima.

Sasa huyo Shefu. Jina lake Daktari Anselmi, alikuwa amesoma ng'ambo, amerudi na miwani na moyo wa kunyoosha kila kitu. Msimdhanie vibaya, alikuwa mtu wa haki. Kabla yake cheo kilipatikana kwa kujuana, binamu wa fulani, mtoto wa kilima cha fulani. Yeye akasema, "Non, hapa tutahesabu." Akatengeneza orodha ya alama: makala zilizochapishwa ng'ambo, diploma, miaka ya kazi. Kila mwaka orodha inabandikwa kwenye mlango wake. Mngewaona watu wazima wenye udaktari wanavyopita ule mlango! Mmoja anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mwingine, mtu wa utafiti wa viazi, alikuwa anafika asubuhi kabla ya mfagiaji ili alisome jina lake peke yake, akilia alie peke yake.

Na makala zenyewe! Niliwahi kuona moja ya kurasa nne yenye majina saba juu. Nikamuuliza Melkiori, "Watu saba wameandika kurasa nne?" Akasema, "Mmoja aliandika, mmoja alisoma, mmoja ni shefu wao. Wengine sijui. Yule wa mwisho alikuwa na gari."

Lakini namwambia ukweli kila anayecheka: afadhali orodha ya mlangoni kuliko ile ya zamani ya kunong'ona. Orodha ya mlangoni unaweza kuibishia.

Basi amani ilipoanza kukaa, watu wakawa wanarudi kutoka Tanzania, malori kwa malori, na magodoro, na kuku, na watoto wanaosema Kiswahili cha redio. Katika hao alirudi Domitila. Alikuwa amesomea kilimo kabla ya vita, halafu kambini akakaa miaka mingi. Mrembo wa sauti, mpole, anasema "tafadhali" hata akiwa na hasira. Kituo kikamchukua kwa mkataba wa muda, na mkataba ulipokaribia kwisha, tume ya vyeo ikakaa kuamua: aingizwe kazini moja kwa moja awe mtafiti, au aende zake.

Mimi nilipeleka chai siku walipofungua dosiye yake, faili la kazi. Safu ya makala: hakuna. Safu ya miaka ya kazi: pengo tupu, kama shamba lililolala. Mjumbe mmoja akauliza, "Miaka yote hii alikuwa anafanya nini?" Domitila akajibu mwenyewe, amekaa na mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa kambini, Daktari. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na sehemu ndogo, kama upana wa kitanda. Nilipanda maharagwe. Kila msimu nilichagua yaliyostahimili, nikayapanda tena. Yaliyobaki nilirudi nayo kwenye kopo la maziwa ya unga."

"Na uliandika wapi?"

"Nyuma ya karatasi za mgao. Mvua ilizichukua."

Wakatazamana. Daktari Anselmi akafikiri sana, maana alitaka haki. Mwaka ule alikuwa ameongeza safu mpya kwenye orodha: mbegu ya mtafiti imefika kwa wakulima kiasi gani. Harage la Domitila lilikuwa limeandikishwa kituoni kwa jina Namba Tisa, na alisema aliligawa Giteranyi, kule Muyinga mpakani, siku malori yalipowashusha. "Bon," akasema Shefu, "twende tupime. Likiwepo, anapata alama, anabaki. Lisipokuwepo, siwezi kumbeba mgongoni." Hata Domitila mwenyewe aliisoma fishi, akasema sawa. Swali lilikuwa moja tu lililonyooka: mkulima ana shamba la Namba Tisa peke yake, ndiyo au hapana? Kama ndiyo, pima ukubwa. Kama hapana, andika sifuri.

Waliyemtuma ni mimi. Domitila alinisindikiza mpaka kwenye gari. Hakuniomba kitu. Alinifungia tu kwenye kitambaa maharagwe kumi na mawili ili nilijue sura: jekundu, lina mstari mweupe ubavuni kama kovu dogo. "Dada Zaituni," akasema, "andika utakachokiona."

Nilikuwa na ndoto zangu pia, sitawaficha. Nilitaka kuwa mkuu wa wapimaji. Nilitaka fishi zangu ziwe safi kuliko za wote, hazina neno lililofutwa hata moja, zipigwe muhuri wa komini, yaani wa serikali ya pale, bila mtu kukunja uso.

Na zilikuwa safi! Wiki nzima nilipanda na kushuka vilima vya Giteranyi. Ulikuwa wakati wa kuvuna msimu wa B, ule wa pili wa mwaka, maharagwe yanakauka shambani. Naingia uani, nasalimia, nauliza, "Mama, una shamba la Namba Tisa peke yake?" Ananitazama, anatazama shamba lake, anasema, "Oya," hapana. Natazama na mimi: mchanganyiko mtupu, jani hili refu, lile fupi, ganda la njano, ganda la zambarau, vyote vimesongamana. Naandika sifuri. Asante mama. Kilima kingine. Oya. Sifuri. Nilikuwa naandika sifuri nzuri sana, za mviringo kamili. Moyo uliniuma kwa ajili ya Domitila, nilimwombea kila swala, lakini mkono uliandika. Niliona huo ndio uaminifu wa kazi.

Fishi zikatiwa saini, zikapigwa muhuri, zikafungwa. Na mjue kanuni yetu: fishi iliyofungwa haiguswi. Kuna mpimaji mmoja zamani alijaza mashamba yote ya komini nzima amekaa baa mjini, tangu hapo ukigusa fishi iliyotiwa saini unafukuzwa, hakuna kuulizwa.

Siku ya mwisho nilikuwa nyumbani kwa mama Konsolata, mjane mwenye mdomo mkali aliyenipa mahali pa kulala wiki ile. Gari lilikuwa lije mchana. Yeye alikuwa amekaa na ungo, anachambua maharagwe ya kupika. Nikaona aibu kukaa bure, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kutoa mawe.

"We mwana, uko unachambua ama uko unacheza?" akasema. "Jiwe hilo hapo limekuangalia."

Nikacheka, nikainama zaidi. Ndipo nikaliona. Jekundu, mstari mweupe ubavuni. Halafu la pili. Halafu nikaona ungo mzima una mistari myeupe, huku, kule, kati ya meusi na ya njano na yale ya kijivu. Nikatoa kitambaa cha Domitila mfukoni, nikayaweka yangu kando ya yake. Pacha.

"Mama Konsolata, hizi za mstari ni nini?"

"Hizo njo Garuka."

"Garuka?" Kwa Kirundi ni kumwambia mtu arudi. "Mbegu ya wapi hiyo?"

"Ya yule mama wa kopo. Alishuka kwenye lori na kopo ya maziwa, iko na maharagwe ndani. Siku ile hapa hatukuwa na mbegu hata ya dawa. Akapimia kila mama kiganja moja. Akasema, panda, na ukivuna umupe jirani kiganja. Voilà. Hakusema hata jina, sisi njo tuliipa."

"Lakini nilikuuliza! Juzi, pale shambani! Nikasema uko na Namba Tisa peke yake? Ukasema oya!"

Akaweka ungo chini, akanitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Alors, hiyo Namba Tisa njo nani? Mi sikuijua. Na hata ningeijua, peke yake! Nani anapanda kitu moja peke yake? Mvua ikizidi, hii inaoza, ile inabaki. Jua ikiwaka, ile inakauka, hii inabaki. Mama yangu alinipa mchanganyiko wake nikiolewa, na mi niliuongeza Garuka, na binti yangu ataubeba. We mutu wa mujini, unaweza panda moja tu alafu ulale usingizi?"

Mimi ni mtoto wa mtaani, baba yangu alishona nguo. Maharagwe niliyajua kwenye sufuria.

"Na majirani?" nikauliza.

"Majirani? Kilima chote hiki iko nayo. Na kile. Na watu wa ng'ambo ya mpaka wanakuja kuomba. We ulikuwa unaandika nini wiki nzima?"

"Sifuri," nikasema.

"Yoo!" Akapiga makofi, akaita jirani. "Njoo umuone huyu! Ametoka Gitega kuya kuandika sifuri!"

Gari likaja. Dereva akapakia lile furushi la fishi zilizofungwa. Nikamwambia, "Mimi sirudi leo. Mwambie Shefu kwamba Zaituni amekosea, anarudia."

"Nimwambie hivyo kweli?"

"Hivyohivyo."

Akakuna kichwa, akawasha gari. Baadaye nilijua alimwambia nina homa. Alinionea huruma, Mungu amlipe, ingawa alinitia matatani.

Basi nikaanza upya, na safari hii nikamkumbuka Melkiori. Sikuuliza shamba. Mama Konsolata alinipa kikombe chake cha bati, chenye mpini uliovunjika. Kila nyumba naingia, nakaa, naomba maji, halafu nasema, "Mama, nioneshe mbegu uliyoiweka ya kupanda." Hapo si jambo dogo. Mbegu ya kupanda haioneshwi ovyo, iko ndani, kwenye chungu, imechanganywa na majivu, na mtu akiijua ameijua njaa yako na shibe yako. Lakini habari ilikuwa imenitangulia, wananicheka kwanza, na aliyekucheka hakuogopi tena. "Njo huyu wa sifuri? Ingia, ingia!" Nilichota kikombe kimoja, nikafunga kwenye kipande cha kitambaa, nikaandika jina la mama na kilima. Siku tisa. Vitambaa vikaisha, nikachana upindo wa kitenge changu. Kila kikombe nilikichambua: za mstari huku, nyingine kule, nikaandika kwenye kaye. Nyumba isiyokuwa na Garuka niliitafuta kwa taa. Nilizipata mbili tu, na moja ilikuwa ya mwalimu aliyehamia mwezi ule.

Nikarudi Gitega na gunia mgongoni. Nilimkuta Melkiori ghalani, amekaa juu ya magunia anauma maharagwe.

"Kwa hiyo unataka kufukuzwa?" akasema nilipomaliza kumweleza.

"Sitaki."

"Na Domitila afukuzwe?"

"Naye sitaki."

"Basi uko na vitu viwili vinapigana. Usivibebe kichwani, kichwa chako ni kidogo. Kaviweke mezani kwao." Halafu akaongeza taratibu, "Sikiliza, mwana. Fishi yako haikuandika uongo. Iliandika jibu la kweli la swali bovu. Lakini aliyelibeba swali bovu vilima vyote wiki nzima bila kukaa chini ni wewe."

"Sketi," nikasema.

"Sketi," akasema.

Tume ilikaa siku ya pili yake. Domitila alikuwa kwenye benchi nje, mkoba mapajani, amekwisha kukunja vitu vyake vya biro. Nikamshika bega nikaingia. Ndani walikuwa wajumbe watatu na Daktari Anselmi, na zile fishi zangu nzuri zimepangwa mbele yake.

"Zaituni. Homa imepona?"

"Sikuwa na homa, Shefu. Nilikuwa na sifuri."

Nikasema yote. Alinisikiliza, akavua miwani, akaivaa.

"Kanuni unaijua. Fishi ikitiwa saini haiguswi."

"Siigusi. Ibaki hapo na jina langu. Nimeleta nyingine, ya swali lingine."

"Nani alikutuma kuuliza swali lingine?"

"Hakuna."

"Donc?"

Yaani, kwa hiyo? Nikafungua kitambaa cha mama Konsolata, nikamwaga kikombe chake juu ya meza, katikati ya makaratasi. Nikafungua cha pili. Cha tatu. Maharagwe yakatawanyika mpaka kwenye viwiko vyao.

Mtu wa viazi, ambaye naye alikuwa mjumbe, akaanza kulalamika, na alikuwa na haki. "Ekute, sikiliza, Anselmi. Tukibadilisha kipimo kwa huyu mmoja, kesho na mimi nitaleta gunia langu. Huo ni upendeleo. Kipimo ni kimoja kwa wote ama hakuna kipimo." Anasema hivyo, na huku kidole chake kinasogeza la mstari upande mmoja. Sidhani alijua. Mjumbe wa pili, daktari wa udongo, naye anasikiliza, anatikisa kichwa, na stilo yake ya kuandikia inasukuma la mstari, linafuata la mstari. Wa tatu alikuwa mama mmoja, mkali wa mambo ya wadudu. Akapuliza makapi, akapata kijiwe, akakiweka kando taratibu, kama alivyofundishwa akiwa mtoto. Nikasimama pale nimeshika kitambaa kitupu, nawatazama madaktari wanne, Shefu naye ndani, wanachambua maharagwe. Wote watoto wa wakulima. Wote walikua kando ya ungo wa mama zao kabla hawajaijua shule.

Rundo la mistari likakua. Likawa kubwa kuliko mengine. Mmoja baada ya mwingine wakaona mikono yao.

Daktari Anselmi akasema kwa Kirundi, kama anajisemea, kwamba mama yake kule Mutaho hakuwahi kupanda moja peke yake.

"Na wangu," akasema yule mama wa wadudu.

"Na swali hili tuliandika sisi wote," akasema Shefu. "Tulikaa hapa hapa."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho walikata shauri hivi, na mimi naona walikata vizuri: mtu wa viazi ana haki, kipimo kiwe kimoja. Kwa hiyo mbegu zote za kituo zipimwe upya, kwa kilichowekwa cha kupanda nyumbani kwa mkulima, si za Domitila tu. Mkataba wake ukaongezwa msimu mmoja mpaka hesabu itimie. Nilipotoka kumwambia hakulia. Alisema, "Garuka? Kweli wanaiita hivyo?" Akarudia mara tatu.

Msimu ule wapimaji wote tulitembea na vikombe. Na orodha ilipobandikwa mlangoni, Domitila alikuwa ameingia, mtafiti wa kudumu, ingawa ngazi moja chini ya aliyoiomba, maana safu ya makala ilibaki tupu, na yeye mwenyewe alisema ni haki. Lakini jambo ambalo sitalisahau ni lingine. Harage la Daktari Anselmi mwenyewe, lile lililoandikiwa makala ng'ambo, lililompa alama nyingi kuliko wote, lilipatikana kwenye vikombe vichache sana. Angeweza kuificha ile karatasi. Aliibandika kwa mkono wake, jina lake limeshuka, akasimama hapo hapo mlangoni kila aliyetaka kusoma asome. Siku ile nilimpenda kama baba.

Domitila baadaye aliandika makala yake ya kwanza, juu ya mchanganyiko wa akina mama wa Giteranyi. Akaweka majina mawili juu: lake, na langu. Watu wakanung'unika: huyu wa darasa la kumi, aliandika nini? Domitila akajibu kwa ile sauti yake ya upole, "Tafadhali, hata mwenye gari hakuandika." Siwezi kuisoma, iko kwa Kifaransa kirefu, lakini jina langu nalijua, na limeandikwa bila kosa.

Na mimi? Shefu wa haki ni shefu wa haki. Alinibakiza kazini, na miaka michache baadaye nikawa mkuu wa wapimaji kama nilivyoota. Lakini wiki ile ile ya tume aliniandikia barua ya onyo, ikaingia kwenye dosiye yangu, na nilipostaafu nikaomba nipewe. Nimeitundika hapa ukutani, karibu na kile kikombe cha bati ambacho mama Konsolata alikataa nirudishe. Ina muhuri, ina saini. Sababu ya onyo imeandikwa kwa mistari miwili: mpimaji Zaituni alihesabu kitu ambacho hakuagizwa kuhesabu.

Nawaombea kila mmoja wenu, kabla ya kustaafu, apate angalau barua moja kama hii.